Saa Mbili na Saa Mbili

Desemba huku kwetu jua halituoni.
Hupita nyuma ya mlima
kama mdeni anayekwepa duka.
Saa mbili ya asubuhi, giza.
Saa mbili ya usiku, giza lile lile,
theluji ile ile dirishani,
taa ile ile ya bandarini ikikonyeza.

Steinvör humeza vitatu saa mbili
na vitatu saa mbili,
tumboni mkiwa na kitu: supu, mkate mweusi, siagi.
Siku kumi na nne, kisha saba za kupumua.
Vizima. Havikatwi, havisagwi, havitafunwi.

Mimi niliendesha gari la kusukuma theluji
miaka thelathini na minne.
Mikono hii imeshika minyororo iliyoganda,
dizeli, chumvi ya barabara, mbwa aliyekufa.
Sasa kukigusa kidonge cha rangi ya pichi
navaa glavu.
“Dawa hii haimjui mgonjwa,” alisema muuguzi Álfrún.
“Ikikupata, itakutibu maradhi usiyo nayo.”

Kopo liko juu ya kabati, limefungwa,
kwa ajili ya Kormákur, mjukuu wa miaka mitatu,
ambaye kwake kila kiduara ni peremende.
Shuka zake nazifua peke yake.
Hilo ndilo lililomliza, si ugonjwa:
miaka arobaini nguo zetu zimebiringishana katika mashine moja,
leo zake zinazunguka zenyewe
na zangu zinangoja sakafuni.

Viganja vimemwiva. Ngozi inambanduka.
Nampaka mafuta polepole, bila kusugua.
Alama za vidole zimefutika hata simu haimfungukii.
“Inaniuliza mimi ni nani,” akasema,
akacheka, kisha akanyamaza.
Sweta ya Kormákur ina mkono mmoja tangu Oktoba.

Jumanne tulilala baada ya chakula cha mchana,
usingizi mzito, wa watu waliokesha na kichefuchefu.
Nilipoamka saa ya ukutani ilisema mbili.
Mbili ipi?
Niliangalia dirisha: giza.
Niliangalia sahani: makombo, lakini ya lini?
“Nimemeza?” akauliza.
“Sijui.”
“Basi nimeze sita, tusidaiane.”

Nikavaa glavu. Nikamwaga vidonge kwenye sahani nyeupe,
nikavihesabu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Thelathini na vitatu.
Siku ya tisa: vya asubuhi vimeliwa, vya jioni bado.
Lakini jioni yenyewe imefika, au imetupita
na hii ni kesho?

Nikapiga namba iliyobandikwa kwenye jokofu.
Álfrún hakucheka.
“Ni usiku, Njáll. Leo bado ni leo.
Na hata ingekuwa kesho, jibu ni lile lile: vitatu.
Dozi iliyopita imepita, hailipwi.
Ana homa?”
Nikampima. Thelathini na sita na nukta nane.
“Ikifika thelathini na nane usingoje kupambazuke.
Huko kwenu kupambazuka ni mwezi wa pili.”

Nikapasha supu. Alikula vijiko saba, nilivihesabu pia,
siku hizi nahesabu kila kitu.
Kisha vitatu, kimoja kimoja, na glasi ya maji,
uso umekunjwa kama anayesaini barua asiyoipenda.
Nikachukua kalamu nikaandika kwenye kalenda,
USIKU, kwa herufi kubwa,
nikachora na mwezi
ili hata nikiamka mjinga nielewe.

Usiku wa manane nilimsikia akienda msalani.
Kifuniko kikashuka. Maji yakavutwa.
Nikangoja macho wazi, kama tulivyofundishwa,
mpaka yakavutwa mara ya pili.
Bomba likafunguka, akanawa mikono taratibu.
Ndipo nikalala.